Masanduku ya huduma ya kwanza ya mitishamba: cha kubakiza, cha kutoa na kinachokosekana

Masanduku ya mitishamba yanayouzwa yakiwa yamejazwa tayari yanafanana kuliko wauzaji wanavyopenda kukiri. Fungua lolote, utakuta vichupa kadhaa vya mafuta makali ya mimea, jeli ya shubiri (aloevera), kopo la malhamu ya kalendula, unga wa kuzuia damu, vidonge vya mkaa, majani makavu ya kamomili na mnanaa, dondoo mbili tatu zilizotengenezwa kwa spiriti, na kijitabu. Tumevipima kimoja kimoja kwa swali moja: dakika kumi za kwanza baada ya ajali, kitu hiki kinamsaidia mgonjwa au kinamcheleweshea msaada? Kwa kipimo hicho kama nusu ya vilivyomo vinastahili nafasi yake. Vingine ni vya hatari, na vya lazima zaidi havimo kabisa.

Tuanze na lebo, kwa sababu hapo ndipo sanduku zuri linapojitenga na baya kabla hata hujafungua kifuniko. Kila chupa iwe na jina la kibotania la mmea, sehemu iliyotumika (jani, mzizi, ua, gome), namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. "Kamomili" peke yake haitoshi, maana jina hilo linabebwa na mimea miwili tofauti, Matricaria chamomilla na Chamaemelum nobile. Kwenye dondoo la spiriti tafuta uwiano na nguvu ya spiriti: "1:5, 60%" maana yake gramu 100 za mmea mkavu zimelowekwa katika mililita 500 za spiriti ya asilimia 60. Chupa iliyoandikwa "mchanganyiko wa mimea 12 asilia" bila kutaja mimea wala vipimo irudishe dukani. Mgonjwa akivimba midomo au akianza kutapika, daktari atauliza amekunywa nini, na hutakuwa na jibu.

Jeli ya shubiri ndiyo tunayoipa alama za juu, ingawa nyingi zinazowekwa humu hazistahili jina hilo. Jeli halisi haina rangi, ni kama ute wa maji. Ikiwa ya kijani kibichi, hiyo ni rangi iliyoongezwa. Soma orodha ya viambato: shubiri iwe ya kwanza au ya pili, na kusiwe na spiriti wala manukato, kwa kuwa vyote viwili huchoma ngozi iliyoungua. Mwenye mmea wenyewe kwenye chungu dirishani ana dawa bora kuliko kopo lolote. Kata jani nene la nje, lile la chini, karibu kabisa na shina. Lisimamishe wima, mkato ukiangalia chini, kwa dakika 10 hadi 15 mpaka utomvu wa manjano uchuruzike na kukoma. Utomvu huo hukaa kati ya ganda na ute, huwasha ngozi, na ukimezwa huendesha tumbo kwa nguvu. Menya ganda, suuza ute kwa maji safi, kisha paka. Kinachobaki hudumu siku chache tu ndani ya jokofu, na kikianza kunuka au kugeuka rangi kitupe.

Lakini kwa ngozi iliyoungua, shubiri ni hatua ya pili. Ya kwanza ni maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20 kamili, ukiangalia saa. Watu huacha baada ya dakika mbili kwa sababu maumivu yamepungua kidogo, ilhali joto lililozama kwenye nyama bado linaendelea kupika. Maji hayo yanafaa hata kama saa moja au mbili zimepita tangu ajali. Kinachofaa kidogo si sawa na kisichofaa. Barafu usiweke, inaua ngozi ambayo ingepona. Dawa ya meno, siagi, yai na unga wa aina yoyote usipake. Vua pete na saa mapema kabla uvimbe haujaanza, na malengelenge usiyapasue. Shubiri ni kwa ngozi nyekundu isiyopasuka, na kwa eneo dogo. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake: jeraha likizidi hapo, au likiwa usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au juu ya kiungo, au ngozi ikiwa nyeupe au nyeusi na haiumi, funika kwa nailoni safi ya kufungia chakula au kitambaa safi kisichoacha nyuzi, umpeleke hospitali. Hapo usipake chochote, maana mganga atalazimika kukikwangua ili aone jeraha.

Vijitabu vingi vya masanduku haya vinaelekeza kumimina mafuta ya lavenda moja kwa moja juu ya ngozi iliyoungua. Maelekezo hayo ni mabaya, na yanatufikisha kwenye vichupa vyenyewe.

Mafuta makali ya mimea, yale yanayopatikana kwa mvuke, ndiyo sehemu inayopendeza macho zaidi kwenye sanduku na ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Kichupa cha mililita 10 kinaonekana kama manukato, kumbe ndani yake kuna nguvu ya majani mengi yaliyokusanywa pamoja. Mafuta ya karafuu (Syzygium aromaticum) yana kiasi kikubwa cha yujenoli, kinachotia ganzi jino linalouma, na kwa kazi hiyo tunayakubali bila kusita. Namna yake: tone moja au mawili ndani ya kijiko cha chai cha mafuta ya kula, chovya ncha ya pamba, kamua, gusa jino lenyewe na tundu lake, usipake ufizi mzima. Yakitumiwa bila kuzimuliwa huchoma ufizi ukawa mweupe, na mgonjwa anapata kidonda juu ya jino bovu. Karafuu nzima iliyobanwa taratibu karibu na jino inafanya kazi ileile kwa upole zaidi. Shavu likivimba, homa ikija, au mdomo ukishindwa kufunguka vizuri, huo ni usaha ndani, na ganzi inaficha tu ugonjwa unaopanda.

Kichupa hichohicho, mtoto mdogo akikinywa, ni sumu. Mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu zimewahi kuwaangusha watoto wadogo katika kifafa, kupoteza fahamu na ini kushindwa kufanya kazi. Mafuta ya mkaratusi yakimezwa huleta degedege. Kafuri ni mbaya zaidi: gramu moja inaweza kumuua mtoto mchanga. Kwa hiyo sanduku lenye vichupa hivi bila vifuniko vya kuzuia watoto na bila kidondoshi ndani ya shingo ya chupa hatulipendekezi kwa nyumba yenye watoto, hata kama vingine vyote ni safi. Mtoto akimeza, usimtapishe. Mafuta yakipita njia ya hewa yanaharibu mapafu. Chukua kichupa na mtoto, nendeni hospitali.

Kwa ngozi ya mtu mzima, kipimo cha kuzimua ni hiki: matone 20 ni takriban mililita 1, hivyo matone 6 katika mililita 30 za mafuta ya nazi au alizeti ni asilimia 1, na matone 12 ni asilimia 2. Kwa kung'atwa na mdudu au kuwashwa, asilimia 1 inatosha. Mafuta ya titrii (Melaleuca alternifolia) yana uwezo wa kweli dhidi ya fangasi na bakteria wa ngozi, ila hayakai vizuri. Yakishafunguliwa na kupata hewa na mwanga hugeuka taratibu, na yaliyogeuka ndiyo yanayoleta mzio. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa, na baada ya mwaka yaondoe. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipakwe mkaratusi, mnanaa wala kafuri karibu na pua, kwani mvuke wake unaweza kumbana pumzi. Na ile desturi ya kumfunika mtoto shuka juu ya beseni la maji ya moto yenye mkaratusi iachwe moja kwa moja: beseni linapinduka, na mafua yanageuka jeraha la moto.

Kuhusu kufukuza mbu, tofautisha vitu viwili ambavyo wauzaji huvichanganya. Dawa iliyosafishwa kutoka mkaratusi wa limau yenye kiambato PMD inafanya kazi kweli, ingawa haipakwi watoto wa chini ya miaka mitatu. Mafuta ghafi ya mti huohuo kwenye kichupa kidogo yana PMD kidogo mno na hayalindi kwa muda wa kutegemewa.

Unga wa kuzuia damu tunautoa. Kwa kawaida ni pilipili kali iliyosagwa, au maua ya Achillea millefolium, au manjano. Damu inayotoka kwenye jeraha husimamishwa na mgandamizo: kitambaa safi, kiganja juu yake, bonyeza kwa nguvu dakika 10 bila kuchungulia. Kuchungulia kila dakika kunabomoa donge linalojijenga. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza na uzidishe nguvu. Ikiruka kwa mapigo au isipokoma, endelea kubonyeza njia nzima hadi hospitali. Unga unachukua nafasi ya kiganja, unaingiza uchafu, na unageuka tope ambalo mshonaji atalazimika kuliosha. Mimea iliyosagwa si tasa. Udongo shambani una vijidudu vya pepopunda, na jeraha lililozibwa kwa unga ndiyo makazi wanayopenda. Manjano ya sokoni, zaidi ya hayo, yamewahi kukutwa yametiwa kromati ya risasi ili rangi ikolee.

Kwa mkato mdogo ambao damu imekoma, utaratibu ni mfupi: maji mengi ya kunywa juu ya jeraha, sabuni kuzunguka kingo, kausha, funika. Hapa malhamu ya kalendula ina nafasi yake juu ya ngozi iliyokwaruzwa na ikishaanza kufunga. Ikague kabla ya kununua: isinuke kama mafuta ya kukaangia yaliyokaa, na isiwe na madoa wala maji yaliyojitenga. Anayetengeneza mwenyewe atumie maua yaliyokauka hadi yanavunjika vidoleni, kwa sababu unyevu ndani ya mafuta ndio unaoleta ukungu. Loweka kwenye mafuta, chuja, kisha yeyusha gramu 20 za nta ya nyuki kwa kila gramu 100 za mafuta kama mahali ni pa joto. Gramu 12 zinatosha penye baridi. Malhamu isiingie kwenye jeraha la kina wala la kuchomwa na msumari, maana mafuta hufungia uchafu ndani.

Asali ya tiba ni kitu kingine kizuri ambacho masanduku machache yanacho. Ina maji chini ya asilimia 20, ni ya asidi, na hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, hivyo bakteria hawastawi. Iliyoandaliwa kwa vidonda huuawa vijidudu kwa mionzi. Ya jikoni haijapitia hatua hiyo na inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa kupooza. Ya jikoni iwe ya kikohozi: nusu kijiko cha chai kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, kijiko kimoja miaka 6 hadi 11, viwili kuanzia 12, wakati wa kulala. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali ya aina yoyote, hata ya kulambishwa kwenye kidole.

Vidonge vya mkaa wa dawa vinatangazwa kama kinga ya sumu. Fanya hesabu. Mtu mzima aliyemeza sumu hupewa hospitalini takriban gramu 50. Kidonge kimoja cha sandukuni mara nyingi kina miligramu 250, kwa hiyo vingehitajika 200, na pakiti ina 20 au 30. Mkaa haushiki mafuta ya taa, pombe, madini ya chuma, tindikali wala magadi makali, na mtu anayesinzia akinyweshwa unaweza kuingia mapafuni. Aliyekunywa sumu apelekwe hospitali pamoja na chupa au pakiti ya alichokunywa. Hivi vidonge ni mapambo tu, na ubaya wake mkubwa ni kumpa mtu sababu ya kukaa nyumbani.

Upande wa tumbo sanduku linajikomboa. Tangawizi kavu ya unga ni dawa ya kichefuchefu tunayoiamini: gramu 1 kwa siku, yaani kama nusu kijiko cha chai, ikigawanywa mara tatu au nne. Kwa safari, tumia nusu saa hivi kabla ya kuondoka. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Mnanaa hupunguza gesi, lakini wenye kiungulia utawazidishia kwa sababu unalegeza mlango wa juu wa tumbo. Kamomili ni laini na salama kwa wengi, isipokuwa wenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti. Vyote viwili: kijiko kimoja cha majani makavu kwa mililita 250 za maji yaliyochemka, funika kikombe kwa dakika 10, maana kinachotibu kinatoka na mvuke. Mizizi na magome yanataka kuchemshwa dakika 15 hadi 20 moto mdogo. Chai ya dawa iliyokaa usiku kucha imwagwe.

Sanamaki ikiwemo, ielewe vizuri: inafanya kazi baada ya saa 6 hadi 12 na ni ya kukosa choo pekee. Tumbo linalouma sana bila kujulikana sababu lisipewe sanamaki. Kama ni kidole tumbo, kuliharisha kunaweza kulipasua.

Kwa kuhara, hakuna jani humu linaloweza kuchukua nafasi ya maji yenye chumvi na sukari, na inatushangaza kwamba pakiti za ORS, ambazo ni nyepesi kuliko kichupa kimoja cha mafuta, karibu hazimo. Zikikosekana: lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko cha chumvi, nacho kimesawazishwa. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Sukari ikizidi inaongeza kuhara. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha maji, wa miaka 2 hadi 10 mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea kwa kijiko, polepole. Mchanganyiko ukifikisha saa 24 utupe. Damu kwenye choo, macho kuzama, kushindwa kunywa au kulegea ni dalili za kwenda hospitali sasa hivi.

Kwa uvimbe wa kuteguka, krimu ya arnika na ile ya komfri zinakubalika juu ya ngozi nzima, kamwe si penye jeraha na kamwe si kwa kunywa. Komfri ina kemikali zinazoharibu ini. Kopo lililoandikwa "30C" ni la homeopathi: sehemu moja imezimuliwa kwa mia, mara thelathini mfululizo, kwa hiyo usitarajie mmea ndani yake.

Chupa ya "kutuliza mshtuko" isome mara mbili. Ikiwa na Hypericum perforatum, itoe sandukuni. Mmea huo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za VVU na dawa za kuzuia damu kuganda. Majani ya Artemisia annua ya chai nayo yatoke. Dawa ya artemisinini ilitokana na mmea huo, na Tu Youyou alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo, lakini Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai yake kutibu malaria: kiasi cha dawa kwenye kikombe hakijulikani na hakitoshi, na vimelea vinavyobaki hujifunza kuistahimili. Homa inataka kipimo cha damu. Mafuta ya mwarobaini yasinyweshwe mtoto. Watoto wachanga wamedhurika vibaya kwa kunyweshwa. Na kijitabu chochote kinachotaja mmea wa kupaka juu ya jeraha la nyoka kichane ukurasa huo. Kwa nyoka, mgonjwa atulie, kiungo kisitikiswe, pete na bangili zivuliwe, asichanjwe wala kufungwa kamba ya kukaza, aende penye dawa ya sumu ya nyoka.

Ukishatoa vya kutoa, nafasi inayobaki ijaze hivi: pakiti 6 za ORS, shashi tasa 10, bendeji pana 2, bendeji ya kunyumbulika 1, plasta za saizi mbalimbali, glavu jozi 4, mkasi, kibano, sabuni kipande, kipimajoto, bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano kwa kupimia dawa na kuoshea jeraha, tochi, na karatasi yenye namba za simu za dharura, dawa wanazotumia watu wa nyumbani na mzio wao.

Sanduku likae juu, penye giza na ubaridi, mbali na jiko na bafu. Dondoo za spiriti zisikaribie moto, na hazimiminwi kwenye jeraha. Kila miezi sita fungua kila kitu. Majani makavu yanayofaa bado yana rangi yake na yananukia ukiyasugua kiganjani. Yaliyogeuka kahawia na kunuka vumbi yatupe. Mizizi na magome hudumu zaidi, miaka miwili hivi. Jani linalopinda badala ya kuvunjika limenyonya unyevu, na kopo lake lote liondoke hata kama ukungu hauonekani.